TAKATAKA ZA MPITA NJIA NI ZA NANI?

Safari hii hatuandiki juu ya ndoa wala juu ya malezi ya vijana. Tunaandika juu ya takataka. Tafadhali msigeuze ukurasa, maana jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana.

Kila mara mkutano wa kijiji unapoitishwa na mtu wa afya anasimama kusema kwamba kila nyumba ichimbe shimo na kutenganisha takataka zake, sauti mbili husikika kutoka nyuma, pale kwenye kivuli. Ya kwanza inasema: sisi ni wageni hapa, ardhi si yetu, siku yoyote tunarudi kwetu. Ya pili inasema: mnatuambia tutenganishe, na gari la kuja kuzichukua liko wapi? Wanaosema hivyo si watu wavivu. Wengi wao ni akina mama wanaofagia uwanja kabla jua halijatoka. Hoja zao zinastahili kujibiwa kwa hoja, si kwa kutishwa na faini.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa kuwa wengi tunaisikia tu midomoni mwa watu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 39, inampa kila mwananchi wa Uganda haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Msomaji makini ataliona neno "mwananchi" na kujiuliza: je, mimi mwenye karatasi ya ukimbizi nimo humo? Jibu linapatikana katika Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019. Yenyewe haisemi mwananchi. Inasema kila mtu aliye Uganda. Ikishampa mtu huyo haki, haimwachi aende zake. Inamwekea na wajibu wa kuyatunza mazingira hayo. Nayo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba mkimbizi anafungwa na sheria zote za nchi hii. Si jambo lililobuniwa Kampala ili kutubana. Mkataba wa mwaka 1951, ule ule unaotulinda tusirudishwe kwa nguvu kwenye risasi, unasema katika kifungu chake cha 2 kwamba kila mkimbizi ana wajibu kwa nchi inayompokea, na hasa wajibu wa kutii sheria zake. Tumezoea kuusoma mkataba huo tukitafuta haki zetu, na ni vema. Lakini kifungu cha 2 kinakuja kabla ya vile vya shule na kazi.

Na juu ya takataka hasa, Kanuni za mwaka 1999 zilimruhusu mwenye nyumba kutupa takataka zake za kawaida bila kuomba leseni kwa mtu yeyote, maadamu anafuata sheria ndogo za serikali ya mtaa wake na haharibu mazingira. Ila zilimtaka jambo moja: atenganishe takataka za hatari na zile zisizo za hatari. Kanuni za mwaka 2020 zilizochukua nafasi yake zimeuendeleza wajibu huo, kwamba takataka zitenganishwe pale pale zinapozaliwa. Mwenye biashara anabanwa zaidi, hasa anayeshika vitu vya hatari au anayefanya kazi ya kuchukua takataka za wengine; huyo lazima awe na leseni. Kwa hiyo mama wa nyumbani hatakiwi kuwa na karatasi. Anatakiwa kuwa na mashimo mawili, au shimo moja na ndoo.

Basi turudi kwa sauti ya kwanza, ile inayosema kwamba ardhi si yetu. Kwa upande mmoja ni kweli. Ardhi ya West Nile kwa sehemu kubwa ni ya koo, na wazee wa koo hizo ndio waliokubali mahema yetu yasimame juu yake. Lakini tuangalie hoja hiyo inaelekea wapi. Mtu aliyeazimwa jembe na jirani, je, analitumia vibaya kwa sababu si lake? Kwetu sote, awe Mkakwa, Mlugbara, Mlendu, Mbari au Mmoru, kitu cha kuazima ndicho kinachorudishwa kikiwa kimeoshwa. Cha kwako unaweza kukivunja na hasara ikawa yako mwenyewe. Cha mwenzako ukikivunja umevunja na urafiki. Kwa hiyo kutokuwa na ardhi hakupunguzi wajibu, kunauongeza.

Tena wenyeji wetu hawa wanajua tunachopitia. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na vita vilivyofuata huku mwaka 1980, maelfu kwa maelfu ya watu wa Arua na Koboko walivuka mipaka kuingia Zaire na Sudan, wakakaa huko miaka mingi katika kambi na vijiji vya wazee wetu. Wapo kati yetu waliosimuliwa na baba zao jinsi wageni wale kutoka Uganda walivyokuja na vichanja na sufuria vichwani. Leo tumebadilishana nafasi. Siku moja mtoto wa mwenyeji atailima ploti hii ninayokaa mimi. Jembe lake litapiga nini chini ya udongo?

Kuna sheria moja katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, mistari ya 12 hadi 14, ambayo wahubiri huiruka kwa haya. Inawaagiza Waisraeli watenge mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia miongoni mwa vyombo vyake, ili afukie uchafu wake. Angalieni sheria hiyo walipewa akina nani. Haikungoja waingie Yerusalemu na kujenga nyumba za mawe. Walipewa watu wa kambini, watu wa mahema, ambao wakati wowote wangeambiwa wang'oe vigingi na kuondoka. Mtu anayesema "niko hapa kwa muda tu" anadhani kuwa mpita njia ni udhuru. Katika sheria ile, kuwa safarini ndiyo sababu yenyewe ya kupewa sheria. Na sisi tunaosema "kwa muda" tufanye hesabu: Rhino Camp ilifunguliwa mwaka 1980. Lobule ilipokea ndugu zetu kutoka Kongo mwaka 2013, na watoto waliozaliwa hapo mwaka ule sasa wanabeba maji peke yao.

Sasa tuseme juu ya kutenganisha kwenyewe. Hapa lazima tuseme kweli kwa sifa yetu: maskini hutenganisha takataka kuliko tajiri. Hakuna mtu katika makazi yetu anayetupa chupa ya maji ya plastiki. Inauziwa mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, asali, au hata kile kinywaji ambacho hatutakitaja katika gazeti la kanisa. Kopo la mafuta ya msaada lilifunguliwa, likanyooshwa, likawa mlango. Maganda ya muhogo yanakwenda kwa mbuzi, majivu yanakwenda chooni, gunia linakuwa pazia. Wataalamu wanaokuja na michoro ya ndoo za rangi tatu wangeweza kukaa kwanza siku moja jikoni kwa mama wa Imvepi wakajifunza.

Lakini kuna vitu vimeingia nyumbani mwetu ambavyo ujuzi wa bibi zetu hauvijui. Bibi alitupa kila kitu nyuma ya nyumba, na kila kitu kikawa udongo. Alikuwa sawa, kwa sababu kila kitu alichokuwa nacho kilitoka katika udongo. Siku hizi nyuma ya nyumba kunatupwa mawe ya tochi, wembe, sindano, vidonge vilivyopita muda, chupa ya dawa ya kuulia wadudu wa tumbaku au ya nyanya, na betri ya sola iliyovimba. Hivi ndivyo sheria inaviita vya hatari. Haviozi. Vikioza vinakuwa vibaya zaidi, maana sumu iliyofungwa ndani inatoka na kufuata maji ya mvua.

Na kuna kavera, ile mifuko laini ya plastiki ambayo ndugu zetu kutoka Kongo wanaiita sashe. Uganda iliipiga marufuku katika Sheria ya Fedha ya mwaka 2009, na Sheria ya Mazingira ya 2019 ikarudia kwamba iliyo chini ya maikroni 30 isiingizwe, isitengenezwe wala isitumiwe. Rwanda ilifanya hivyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Kwa majirani hao wa mwisho watu waliona mabadiliko sokoni. Kwetu hapa, nenda sokoni Arua leo ununue samaki wa shilingi elfu mbili, utapewa kavera mbili, moja juu ya nyingine. Mbuzi anakula kavera yenye harufu ya chumvi, tumbo linaziba, anakufa akiwa amejaa. Ukiichoma, moshi wake unaingia kifuani kwa mtoto aliye mgongoni. Ukiifukia, mvua haipiti na muhogo hauteremshi mizizi. Hakuna njia nzuri ya kuitupa kavera. Njia nzuri ni kutoipokea, na hapo kapu la mama zetu linarudisha heshima yake.

Juu ya shimo lenyewe, wengi wanachimba na kuliacha wazi. Kutoka sura ya 21, mstari wa 33 na wa 34, panasema kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia, aliyelichimba atalipa. Ni sheria ya zamani sana, na tazama jinsi inavyofikiri. Haiulizi kama mchimbaji alikuwa na nia mbaya. Haiulizi kama shimo liko kwake. Inauliza tu: nani alichimba? Hatari uliyoizalisha ni yako hadi uifunike. Sheria za siku hizi za mazingira, na maneno yao marefu, hazijafika mbali sana kuliko hapo.

Sasa sauti ya pili. Hii ndiyo ngumu, na hatutaki kuipita kwa haraka.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 imeziwekea halmashauri za miji kazi ya kukusanya na kuondoa takataka. Arua ni jiji tangu Julai 2020. Koboko ina manispaa yake. Lakini kuna mitaa ya pembeni ambako gari halionekani, na katika makazi ya wakimbizi mambo mengi yanategemea mashirika, ambayo bajeti zao zimekuwa zikikatwa mwaka hadi mwaka. Hivyo mtu anauliza: nikitenganisha vizuri, halafu vyote vinakuja kuchanganywa tena katika lori moja na kumwagwa katika bonde moja, nimefanya nini? Je, wajibu usiowezekana bado ni wajibu?

Jibu letu ni kwamba hakuna mtu anayedaiwa asichoweza. Mjane wa Lobule hawezi kuipeleka betri Kampala, na Mungu hamdai hilo, wala hakimu mwenye akili asingemdai. Lakini tusiruke kutoka hapo na kusema kwamba basi hadaiwi chochote. Wajibu huu una vipande. Kutenga wembe na betri visiingie pamoja na maganda, hilo linawezekana leo, jikoni, bila gari na bila shilingi. Kuvihifadhi katika dumu lenye kifuniko mbali na watoto, hilo nalo linawezekana. Kutoka hapo mkono wake hauendelei, na kipande kinachofuata ni cha mwingine. Kama mwingine huyo hafanyi, kosa ni lake. Halimrudii mjane, lakini pia halifuti kile ambacho mjane angeweza kufanya. Ni kama kubeba mtu mgonjwa kwa machela: wa mbele akijikwaa, wewe wa nyuma huachi mpini.

Wanaodhani kutenganisha ni mchezo wa wazungu wakumbuke Kiteezi. Hilo ndilo jalala la Kampala lililofunguliwa mwaka 1996. Kwa karibu miaka thelathini lilipokea kila kitu kutoka jijini, likapanda likawa mlima, na watu wakajenga nyumba chini yake kwa sababu kiwanja cha pale kilikuwa rahisi. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ukaporomoka. Waliokufa walizidi 30, wakiwemo watoto, wakafukiwa pamoja na nyumba na ng'ombe wao. Wakubwa wa jiji walifukuzwa kazi, na ilistahili kuwa hivyo. Lakini tujiulize mlima ule ulijengwa na nini. Sehemu kubwa ya takataka za Kampala ni maganda ya matoke na mabaki ya vyakula, vitu ambavyo vikitengwa vinakuwa mboji au chakula cha mifugo. Viliingia kwenye kavera pamoja na chupa na nguo, vikapandishwa lori, vikawa mlima unaotoa gesi na maji machafu. Kila ganda lilikuwa jepesi. Hakuna mama wa Kampala aliyemwua mtu, na hakuna ganda lililopotea katika hesabu ya uzito wa mlima ule.

Hapo ndipo baadhi ya walimu wa mazingira husema: kwa hiyo sote tuna hatia sawa. Sisi hatukubaliani nao. Neno "sote" ni blanketi ambalo wenye nguvu hupenda kujifunika. Mama aliyepewa kavera mbili na aliyeziingiza nchini kwa kontena hawako sawa. Nabii Ezekieli, sura ya 34, mistari ya 18 na 19, anawakemea kondoo wanono wanaokunywa maji safi kisha wanayachafua yaliyobaki kwa miguu yao, na wadhaifu wanalazimika kunywa tope hilo. Anawasema wanono, hawasemi wote. Sheria ya 2019 nayo imeanza kuona hivyo, kwa kumfuata mtengenezaji na mwingizaji wa bidhaa hata baada ya kuiuza. Tatizo ni kwamba askari wa jiji wanamfikia kwanza muuza nyanya wa kando ya barabara.

Lakini tusiwaangalie wakubwa wa Kampala tu. Katikati yetu wapo wenye biashara, na Uganda inatupa ruhusa ya kufanya biashara, jambo ambalo wakimbizi wa nchi nyingi hawalipati. Mwenye duka la dawa anapochoma sindano watoto kumi kwa siku, sindano zile si takataka za nyumbani. Hawezi kuzitia katika shimo la jirani usiku. Mwenye kinyozi ana nyembe. Mwenye mashine ya kusaga ana mafuta machafu. Anayechaji simu kwa sola ana betri kubwa nne chini ya meza, na zikifa hajui azipeleke wapi. Hawa faida ya kazi wanaichukua wao. Si haki mzigo wake wauachie mtaa.

Na kanisa? Kanisa si nyumba ya mtu mmoja. Baada ya kongamano la siku tatu, uwanja wa kanisa unakuwa na vikombe vya plastiki, chupa za soda na kavera za mikate kuliko soko zima. Katika Walawi sura ya 6, mstari wa 10 na wa 11, kuhani mwenyewe anaagizwa aondoe majivu ya sadaka, abadili mavazi, ayachukue nje ya kambi mpaka mahali safi. Kuhani mwenyewe, si kijana wa kufagia. Wazee wa kanisa watakaosoma hapa watajua tunachosema.

Tumalize na zile betri, maana ndizo zinazotunyima usingizi. Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kilijengewa jirani kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, ile madini. Vumbi na maji yake viliingia katika damu ya watoto, wengine wakafa. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mwenyewe amepata sumu kupitia maziwa yake, akaanza kupiga kelele. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo Desemba 2024. Sumu ile ile imo ndani ya betri nyingi kubwa za sola zilizo chini ya meza za kuchaji simu. Vijana wengine wanazipasua kwa shoka ili wapate madini ya kuuza kwa uzito, na maji yake ya asidi wanayamwaga kwenye mfereji unaoteremka kisimani.

Wakuu wa RWC, wazee wa kanisa na wenye maduka wanaweza kukaa pamoja na ofisi ya OPM na mtu wa mazingira wa wilaya wakauliza jambo moja tu: anayetuuzia betri mpya kutoka Arua, kwa nini gari lake linalorudi tupu lisichukue zile kuukuu? Kabla ya kikao hicho, mwenye nazo azifunge ndani ya dumu, aziweke mahali pakavu, na watoto wasizichezee.